Kabla ya Kufunga, Jaza Maji

3 Februari

Kwako mpwa wangu, Sista Mkasi,

Ni mimi mjomba wako, bingwa wa pampu ng'ambo hii ya mto na ile. Hapa nyumbani tunapumua. Mke wangu, Waziri wa Mambo ya Ndani, amenunua cherehani ya pili na sebule yangu imegeuka kiwanda. Juzi nilikalia pini nikainuka kama mtu aliyeitwa jukwaani kupokea tuzo. Jirani yetu Kinyozi anakusalimu. Kila jioni namfunga kwenye drafti na kila jioni anadai nimeiba kete. Mjukuu wangu je, ameshaota meno ya mbele? Mwambie babu yake amemwekea nati ya shaba, inang'aa kuliko pete ya bibi harusi.

Utajiuliza kwa nini naandika barua kama watu wa zamani na simu ninayo. Sababu ni kwamba Waziri anasikia simu hata ukizungumza nayo chini ya mto wa kulalia. Na jambo lenyewe ni la rafiki yangu, si vizuri likasambaa.

Huyu rafiki yangu ni fundi, mtu wa makamo yangu, sura nzuri, jina kubwa. Siku hizi pumzi inamkata. Wiki mbili zilizopita aliitwa kufunga pampu kwenye tangi la juu pale shuleni, lile lenye ngazi ya chuma. Alipofika katikati ya ngazi ikabidi asimame ajifanye anatazama mandhari, na chini watoto wa shule wanamtazama yeye. Akaenda hospitali. Wakampaka jeli baridi kifuani, wakauangalia moyo wake kwenye skrini kama watu wanaoangalia mpira. Daktari akamwambia kuna valvu inavuja, uzi wake mmoja umekatika, damu inasukumwa mbele na nyingine inarudi ilikotoka. Akampa vidonge vya kupunguza maji mwilini na karatasi ya kwenda huko kwenu kwa wapasuaji.

Sasa wewe uko jikoni kabisa, unawapa wakubwa mikasi na nyuzi. Rafiki yangu anauliza: hao watu wanafanyaje? Wanang'oa valvu na kuweka mpya, au wanaitengeneza ile ile? Mimi nimefungua pampu melini, machimboni, kwenye kiwanda cha sabuni, katika nchi tano, na kila pampu niliyoifungua ilinishukuru. Moyo ndio sijaufungua bado. Bima ya chama chetu cha mafundi italipia, kwa hiyo hilo lisikusumbue. Mueleze kwa Kiswahili cha mtu aliyeachana na shule darasa la sita, maana hata hapo tunafanana.

Mjomba wako, mzima kama chuma cha pua.


19 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika, bahasha ina alama ya grisi kwa hiyo sikuhitaji kuangalia nyuma nani kaandika. Mjukuu wako meno bado, ila mdomo haujapungua kasi. Nati anaisubiri. Mimi sijambo, kazi ni nyingi, miguu inauma jioni, ya kawaida.

Mpe pole rafiki yako. Mwambie hivi. Upande wa kushoto wa moyo kuna chumba cha juu na chumba cha chini. Kati yao kuna valvu yenye ndimi mbili laini, nyembamba kuliko ngozi ya kidole, na kila ulimi umeshikwa kwa nyuzi kutoka chini, kama mwavuli unavyoshikwa na mbavu zake. Chumba cha chini kikikaza, ndimi zinakutana na mlango unajifunga. Uzi ukikatika, ulimi mmoja unapinduka juu na damu inarudi. Moyo unafanya kazi mara mbili kwa matokeo ya mara moja. Kwa muda unavumilia. Halafu unatanuka.

Hapa tuna wapasuaji wawili wanaozitengeneza valvu za namna hiyo, na hawakubaliani. Mmoja sisi wauguzi tunamwita Daktari Mkasi, jina ambalo ulinipa mimi bila kujua kuwa lina mwenyewe. Yeye anakata kile kipande cha ulimi kilicholegea, anashona kingo pamoja, basi. Anasema kilichoharibika kitoke. Wa pili ni Daktari Nyuzi. Yeye hakati. Anaweka nyuzi mpya mahali pa zile zilizokatika, anazipima urefu mpaka ulimi ukae sawa na mwenzake. Anasema ulimi ukiwa mkubwa una mahali pazuri pa kukutana na mwenzake. Wote wawili wanamalizia kwa kuweka pete kuzunguka mlango, kwa sababu mlango wenyewe nao huwa umetanuka, na pete inaurudisha kipimo chake. Rafiki yako fundi atafurahi kusikia kwamba nyuzi za Daktari Nyuzi zimetengenezwa kwa kitu cha jamii moja na ule utepe mweupe anaozungushia mabomba.

Wakiulizwa nani bora, vitabu vinasema miaka inapita na wagonjwa wa wote wawili wanaendelea vizuri karibu sawa. Inategemea mkono wa daktari na kile atakachokikuta ndani.

Kuna kibanio pia. Kinapitishwa kwenye mshipa wa pajani mpaka moyoni, kinabana ndimi mbili katikati kama kibanio cha nguo. Hapasuliwi kifua. Lakini hicho kwa kawaida ni cha watu dhaifu wasioweza kuhimili upasuaji, na mara nyingi kinapunguza uvujaji bila kuumaliza.

Na kama haitengenezeki, inatolewa. Inawekwa ya chuma au ya mnyama. Ya chuma inadumu, ila atakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Ya mnyama haihitaji dawa hiyo siku zote, ila huchakaa.

Muulize rafiki yako kama miguu inavimba, na kama anaweza kulala chali bila kukosa pumzi. Na mkewe anajua?

Mpwa wako.


24 Machi

Kwako mpwa wangu uliyesoma mpaka ukaniacha kituoni,

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na kazi nyingi za watu wakubwa. Waziri anaendelea vyema, cherehani zinaimba kutwa. Kinyozi ameanza kupaka nywele rangi, anafanana na brashi ya viatu, lakini usimwambie nimesema, tuna mechi leo.

Barua yako nimemsomea rafiki yangu neno kwa neno. Ametoa maoni yake. Daktari Mkasi anampenda kwa sababu hapotezi muda. Daktari Nyuzi anamheshimu kwa sababu ya ule utepe. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka Waziri akazima cherehani kuuliza kuna nini. Miaka yote nimekuwa na dawa ya moyo kwenye sanduku la spana na sikujua! Kibanio amekikataa. Anasema yeye si shati.

Lakini akili yake iko kwenye chuma. Chuma ni chuma. Mtu mwenye chuma moyoni akipita mitaani watu watanyamaza wasikie mlio wake. Hebu fikiria anavyoingia baa, tik, tik, tik, wote wanageuka.

Hata hivyo huenda hayo yote yasihitajike, maana amejigundulia tiba. Unazijua pampu za mkono zenye kikombe cha ngozi ndani? Ngozi ikikauka inasinyaa, maji yanapita pembeni, pampu inapoteza nguvu. Mtu asiyejua anakimbilia dukani. Fundi anamwagia maji tu, anaiacha ilowe, ngozi inajaa, inaziba. Sasa valvu ya moyo ni nini kama si ngozi? Ndiyo akaanza kunywa maji. Jagi zima akiamka, jagi mchana, jagi jioni. Vile vidonge vya kumkojoza ameviweka kando, maana haiwezekani huku unaloweka na huku unakausha. Nakwambia huyu mtu ana akili, sijui kwa nini serikali haijamwita.

Habari nyingine ndogondogo. Viatu vyangu vya kazi vimesinyaa, nadhani ni mvua, siku hizi natembea na kandambili mpaka kwa wateja. Na nimehamia kwenye kiti cha sebuleni kwa kulala, si kwa ugomvi, ni redio tu, vipindi vya alfajiri ni vizuri sana ukisikiliza umekaa.

Wewe ungechagua ipi? Hukusema.

Mjomba wako, mkali.


29 Machi

Mjomba,

Viatu havisinyai. Miguu ndiyo inavimba. Na hakuna mtu anayelala kwenye kiti kwa ajili ya redio.

Acha kuloweka. Valvu ya moyo imelowa tangu ulipokuwa tumboni mwa bibi, haijawahi kukauka hata siku moja, hakuna cha kujaa. Maji unayokunywa hayaendi kwenye valvu. Moyo unashindwa kuyasukuma, yanabaki miguuni na kwenye mapafu. Utazama ukiwa umekaa sebuleni. Vidonge ulivyoviweka kando ndivyo vilivyokuwa vinakushikilia.

Nimekupigia simu tangu asubuhi hupokei. Barua hii anaileta kondakta wa basi, atakupa mkononi. Ikifika, nitakuwa nimeshazungumza na mkaza mjomba, huyo Waziri wako. Nimefikiria kama nina haki hiyo na nimeona sina, na nitampigia hivyo hivyo. Utanikasirikia ukishaweza kulala chali.

Nenda hospitali leo, na hicho kiatu kibebe mkononi wakione.

Mpwa wako.


11 Aprili

Kwako msaliti wangu mpendwa,

Rafiki yangu anakusalimu kutoka wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani.

Haya, yamekwisha, tuache maigizo. Nilijua unajua. Ulipouliza "mkewe anajua" niliona kabisa unavyocheka. Lakini raha ya kuwa na rafiki ni kwamba anaumwa yeye, wewe unampelekea habari.

Kondakta wako aliponifikia nilikuwa nimekaa mlangoni natafuta upepo, na Waziri yuko nyuma yangu ameshashika simu na begi langu limefungwa. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele, nimezoea. Alinivalisha soksi, soksi hazikupita, akazikunja akaziweka mfukoni mwake, akaniambia, "Kwa hiyo moyo wako una habari ambazo mimi sina." Kwenye teksi dereva alijaribu kuleta stori za mpira, akamwona Waziri kwenye kioo, akawasha redio.

Hapa wamenitoboa mkono, wamenipa dawa ya sindano, nimekojoa mpaka nikaona aibu kwa niaba ya bomba la hospitali. Nimepungua, viuno vya suruali vinanidanganya kuwa mimi ni kijana. Viatu vimerudi saizi yake. Nalala chali. Daktari mmoja wa hapa, msichana mdogo mpole, alinisikiliza nilipomueleza nadharia ya ngozi, akaiandika. Nilidhani ni kwa heshima. Kumbe alikuwa anaandika sababu ya kulazwa.

Waziri anakuja mara mbili kwa siku na chakula kisicho na chumvi, ananiangalia nikila kama mlinzi wa jela. Jana alinikata kucha. Nadhani nimesamehewa, lakini sijapewa karatasi.

Sasa nikwambie kwa nini nataka chuma, na safari hii sitanii. Wewe umeanza na habari za kutengeneza. Madaktari wa hapa wanasema kutengeneza. Lakini aliyetengeneza maisha yake yote ni mimi. Mteja akiniuliza, fundi, ninunue mpya au utanitengenezea, namwambia natengeneza, na natengeneza vizuri, muulize yeyote. Ila najua nilichokishika. Kitu kilichowahi kufunguliwa kinakumbuka njia ya kufunguka. Nyuma ya karakana yangu kuna safu ya pampu zilizorudi. Si nyingi, lakini zipo, na kila moja niliiaga nikisema haitarudi. Pampu ikirudi naifungua tena, haijui maumivu. Mimi kufunguliwa mara moja nitajikaza. Mara ya pili, mpwa wangu, sitapanda tena kwenye hiyo meza. Najijua.

Kwa hiyo nakuuliza kwa mara ya pili, na jibu lisije na vitabu. Wewe ungechagua nini?

Mjomba wako, mwembamba.


20 Aprili

Mjomba, shikamoo. Nafurahi soksi zinapita.

Mjukuu wako jino moja limechomoza. Analionesha kwa watu kituoni.

Sikukujibu kwa sababu hii. Kwenye chumba chetu cha upasuaji kuna desturi kwamba aliye ndugu wa mgonjwa hashiki chombo. Mkono wa ndugu unatetemeka, au haukubali kutetemeka, na vyote viwili ni vibaya. Nilijiwekea kwamba na maneno ni chombo. Nikikuchagulia, kisha ikaharibika, nitakuwa nimeshika mkasi bila kuwa chumbani. Wewe ndiye uliyenilea baada ya mama. Sina mjomba wa akiba.

Lakini umeuliza mara mbili, na nilipokuandikia mara ya kwanza bila kuchagua, ulijitibu kwa majagi.

Ningechagua kutengeneza. Nyuzi na pete, mkono wa Daktari Nyuzi, kwa kupitia upenyo mdogo kati ya mbavu upande wa kulia. Sababu ya kwanza ni vidole vyako. Sijawahi kukuona bila jeraha kwenye vidole tangu nikiwa mtoto. Mtu wa dawa ya kuzuia damu kuganda akichubuka na spana, damu haisimami kirahisi, na hapo kwenu maabara ya kumpima kila mara iko mbali. Ungelazimika kuacha kazi, na ukiacha kazi tutakuzika kwa ugonjwa mwingine. Sababu ya pili, valvu yako mwenyewe bado ni nzima, kasoro uzi mmoja na mlango uliotanuka. Madaktari wanasema hiyo ndiyo namna inayotengenezeka vizuri kuliko zote.

Kuhusu zinazorudi, sitakudanganya. Zipo. Ni chache, lakini nimezipokea kwa mikono yangu. Na ya mnyama inarudi pia, na ya chuma nayo ina ajali zake. Isiyorudi kabisa ni ile ambayo haikuwahi kufanyiwa kitu, kwa sababu mwenyewe hayupo.

Moyo wako umeshatanuka kidogo. Daktari Nyuzi ameziona picha zako, hospitali yenu ilimtumia. Anasema sasa hivi ukiitengeneza valvu, moyo una nguvu ya kurudi umbo lake. Ukisubiri mpaka mwisho wa mwaka, anaweza kuweka valvu nzuri kwenye moyo uliochoka, na haitasaidia kitu. Ana nafasi katikati ya Mei. Anaishikilia kwa wiki mbili tu, kuna wengine.

Mpwa wako.


27 Aprili

Mpwa wangu,

Hatujambo. Niko nyumbani. Waziri ameficha majagi yote, tunakunywa kwa vikombe vya chai kama watu wa ofisini.

Swali moja tu.

Unajua ninavyofanya kazi. Nikishafunga pampu, siondoki. Najaza maji kwenye bomba, naomba kiti, nakaa pale na mwenye nyumba, tunaangalia kama maji yanashuka. Kama yeye ana haraka aende, mimi nabaki. Yakishuka hata kwa upana wa kidole nafungua tena, na sifungi kifuniko kabla sijaridhika. Hao mafundi wanaofunga na kudaka nauli ya kurudi nawajua, mimi ndiye nafanya kazi yao upya.

Daktari Nyuzi akishamaliza kushona, anajuaje kwamba imeziba? Au anafunga kifua na kunitakia maisha mema?

Mjomba wako.


2 Mei

Mjomba,

Anajaza maji.

Sijui kwa nini sikuwahi kukwambia. Nimeliona mara nyingi mpaka nimeacha kuliona.

Wakati huo moyo wako utakuwa umesimamishwa, na mashine inasukuma damu pembeni kwa niaba yake. Akimaliza kufunga nyuzi na pete, anaomba bomba la sindano kubwa lenye maji ya chumvi. Mimi ndiye huwa nampa. Anayasukuma yapite kwenye valvu mpaka chumba cha chini kijae. Ndimi zinainuka zinakutana. Halafu anasimama na kutazama. Chumba kizima kinatazama. Kama maji yanarudi juu, hata uzi mwembamba, anafungua fundo na kuanza upya. Ameshawahi kurudia mpaka mwenzake akaenda kukaa.

Yakikaa, bado hafungi. Moyo unaachwa upige wenyewe, na kuna kipimo kinachopitishwa kooni kinachoonesha kama damu inarudi. Ikirudi, wanausimamisha tena. Kifua kinafungwa mwisho kabisa.

Nafasi yako inaisha kesho kutwa. Barua hii anaileta kondakta, wewe nijibu kwa simu. Mkaza mjomba asikie, haina shida tena.

Mpwa wako.


9 Mei

Kwako mpwa wangu,

Kwa simu nilikujibu ndiyo kwa sababu Waziri alikuwa ameshika simu ikiwa kwenye spika. Na barua nakujibu ndiyo vilevile, ili usidhani nililazimishwa. Tunapanda basi Jumapili. Amefunga mizigo ya watu wanaohama nchi. Kinyozi alikuja kuniaga, akakubali kwa mdomo wake kwamba sijawahi kuiba kete. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Hiyo habari ya maji ungeniambia Februari tungeokoa majagi mengi.

Nina sharti moja. Mimi nikijaza maji, mwenye nyumba anakaa tunaangalia pamoja. Huko mimi nitakuwa nimelala, siwezi kuangalia. Desturi yenu nimeielewa, usishike chombo. Lakini kuangalia si kushika. Nataka mtu wa kwangu aangalie yale maji.

Mjomba wako.


19 Mei

Mjomba,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti kando ya kitanda chako. Una bomba mdomoni, huwezi kubisha, kwa hiyo soma yote ukiamka.

Nilimpelekea Daktari Nyuzi sharti lako. Akauliza kazi ya huyu mgonjwa ni nini. Nikamwambia. Akasema, "Aje wakati wa maji tu. Mikono nyuma, asiseme kitu." Muuguzi mwenzangu ndiye aliyeshika vyombo. Mimi nilisubiri kwenye korido na mkaza mjomba, ambaye alikuwa anazikunja na kuzikunjua soksi zako, mpaka nikaitwa.

Nilisimama kwenye kigoda nyuma ya daktari. Niliiona valvu yako. Ni nyeupe na nyembamba, haifanani hata kidogo na kikombe cha ngozi. Walikuta nyuzi mbili zimekatika, siyo moja. Akasukuma maji. Ndimi zikainuka.

Yalirudi, Mjomba. Kwenye pembe, kidogo. Ungeyaona hata wewe.

Nilitii, mikono ikabaki nyuma. Daktari Nyuzi alifungua fundo moja, akafupisha uzi, akaongeza mshono kwenye pembe. Hakuna aliyeangalia saa. Akaomba maji tena. Safari hii yalikaa. Akatazama, tukatazama, akasubiri zaidi ya anavyosubiri siku nyingine, nadhani kwa ajili yako. Maji hayakurudi. Moyo ulipoanza kupiga, kipimo cha kooni kikaonesha vilevile.

Nilitoka nikamwambia mkaza mjomba. Akaniambia nishike soksi moja, yeye akashika nyingine, tukakaa.

Yalikaa. Mimi niliyaangalia.

Mpwa wako.


30 Agosti

Kwako mpwa wangu, shahidi wa maji,

Sisi wazima, na safari hii chukua neno hilo kama lilivyo. Waziri ananipeleka kutembea kila asubuhi kama mbwa wa tajiri. Kinyozi ameondoa kauli yake, mimi ni mwizi wa kete kama zamani, moyo wangu umetulia. Nati ya shaba nimempa kondakta yule yule amletee mjukuu wangu, naomba asiimeze, huko kwenu watamfungua.

Barua yako ya kitandani ninayo. Watu nawaambia, fundi wangu alijaza maji, yakarudi, akafungua tena bila kuona aibu. Huyo akihama hospitali, karakana yangu ina nafasi. Zile pampu zangu zilizorudi nimezitoa nyuma nikaziweka mbele, kila mtu azione. Tik tik sina, nikiingia mahali hakuna anayegeuka, lakini nimezoea kugeuza watu kwa mdomo.

Jana wale wa shule waliniita. Ile pampu ya tangi la juu haikuwahi kumalizwa. Daktari ameruhusu kazi, kwa hiyo usipige simu. Waziri alikuja nami, akashika ngazi chini kwa mikono miwili, na ole wake mtoto ambaye angepita karibu. Nikapanda. Nilipofika katikati nilisimama.

Aliniita, sauti yake imebadilika, akauliza kuna nini.

Nikamwambia hakuna kitu, natazama mandhari. Na kweli nilikuwa natazama. Kutoka pale unaona mapaa yote mpaka mtoni, na nguo za watu zilizoanikwa. Ile siku ya kwanza sikuona chochote.

Halafu nikamalizia ngazi, nikafunga pampu, nikajaza maji. Nikaomba kiti.

Mjomba wako.